Elinipa Mbise, Mama wa Kahawa Anaeli

Wapendwa waombolezaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Dismasi, mdogo wake marehemu, na familia imenipa heshima ya kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye mwenyewe angeniambia nisome upesi, watu wana kazi.

Elinipa Sifaeli Mbise alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961 Akheri, Meru, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1969 hadi 1975, kisha akachambua kahawa kwenye chama cha ushirika kwa miaka mingi. Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na Yona Nanyaro, wakajaliwa watoto watatu, Anaeli, Lydia na Brayson, na mwaka 1995 Anaeli alitutoka akiwa na miaka tisa.

Mwaka 2009 dada alianza kukaanga kahawa na kuifunga kwa majani makavu ya mgomba, akaiita Anaeli, naye, kama wengi wetu, aliamini kwamba jina likishaombewa na mchungaji siku ya sadaka ya mavuno kanisani, limesajiliwa duniani na mbinguni. Mbinguni sawa, lakini duniani, mwaka 2018, mfanyabiashara mmoja wa mjini aliomba kusajili jina lile lile liwe lake, na dada alilia kana kwamba anamzika mwanawe mara ya pili. Kisha akafuta machozi, akaweka pingamizi, akaenda kwa msajili wa alama za biashara na daftari la usharika, ambamo mzee wa kanisa alikuwa ameandika, mwaka hadi mwaka, pakiti za Kahawa Anaeli zilizonadiwa kwenye mavuno, akashinda kwa kuwa alilitumia jina kwanza, na tarehe 6 Machi 2019 akakabidhiwa hati. Alipoomba na hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya ile namna ya kukunja majani, aliambiwa huo si uvumbuzi mpya, bibi zetu walikunja hivyo hivyo, akafurahi kuliko ambavyo angefurahi kama angepewa, akaifundisha kwa kila aliyetaka.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023, akatibiwa Arusha na Moshi, na tarehe 2 Juni 2025, saa nne asubuhi, Bwana alimtwaa. Siku mbili kabla alitia saini kuikabidhi alama ile kwa kikundi chake cha akina mama ishirini na wawili waliokaanga kahawa pamoja naye, akasema mwanawe sasa hatakosa mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, wanakikundi wenzake, na mzee wetu wa daftari.

Dada, Anaeli hachukuliwi tena na mtu, pumzika kwa amani.