Kitambaa cha Abeokuta

Basi lilipotoka Thorncliffe Park, mtaa wa wahamiaji ughaibuni, asubuhi ile ya mwaka 2011, Zeena alijifanya anasoma, kumbe masikio yote yalikuwa kiti cha mbele. Mama wa Kikongo alikuwa amepakata kitambaa cha buluu iliyokoza.

"Mama mkwe alikichora kwa uji wa muhogo, kisha akakichovya kwenye rangi ya nili," alisema. "Kwao, mji wa Abeokuta, wanawake wamesomesha watoto kwa kazi hiyo. Naenda kumfunika mume wangu nacho. Kesho tunamzika."

Jirani yake wa kiti, mama wa Kihindi mzaliwa wa Mwanza, muuza vitambaa, alishika pindo bila kuombwa. "Utaizika kazi ya mikono ya bibi? Binti yako atabaki na nini, dada?"

"Mume wangu aliomba azikwe kwao, karibu na mwamba wa Olumo, walikojificha wazee wake wakati wa vita. Nimeshindwa kumpeleka Abeokuta, mama. Hata Abeokuta nisimpelekee?"

"Yeye ameshaiona Abeokuta. Mtoto bado."

Zeena alitamani kusema neno, lakini Kiswahili chake cha nyumbani hakikufika huko. Basi likasimama karibu na mochwari. Mjane akainuka. Pindo lilikuwa bado mkononi mwa jirani, na hakuna aliyevuta.