Mistari Mitatu ya Afande Ubao

Marehemu alikuwa na sheria moja kazini: ubao wa kituo ulikuwa na mistari mitatu, na hakuna jambo lililopanda pale kwa simu, kwa cheo wala kwa undugu. Lilipanda kwa kura za wakazi tu. Sheria hiyo ndiyo iliyompa jina ambalo wengi wenu mlimjua nalo, Afande Ubao, na leo tunamsindikiza kwa jina hilohilo.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi saa na mkunga. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili, na saa kumi na mbili za ukutani ambazo hakuna hata moja iliyokubaliana na nyingine. Baba yake alikuwa akisema mtoto huyu ndiye pekee aliyefika mahali kwa wakati.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na kumaliza sekondari mwaka 1975. Alipokuwa kiranja wa darasa la sita, mwalimu alimwachia kazi ya kuandika majina ya wapiga kelele. Mwalimu aliporudi alikuta karatasi ina jina moja, la kiranja mwenyewe.

"Hii ni nini?" mwalimu akauliza.

"Wenzangu walikuwa wananong'ona, mwalimu. Mimi ndiye niliyepiga kelele kuwanyamazisha."

Alichapwa, tena peke yake. Dada zake walimcheka kwa hilo mpaka alipoota mvi.

Alijiunga na polisi Januari 1977. Alisimama barabarani miaka minane, akakaa chumba cha majalada miaka kumi na moja, na mwaka 1996 akahamishiwa kituo kidogo cha mtaa wetu akiwa sajini. Alikuta askari sita, baiskeli mbili, na redio moja iliyosikia ikipigwa kofi. Alikuta pia kwamba doria zilikwenda kwa mwenye sauti. Mwenye baa akipiga simu, askari wawili walisimama baa. Mjane aliyevunjiwa mlango aliambiwa arudi Jumatatu.

Ilimchukua miaka saba kuwashawishi wakubwa wake. Mwaka 2003 alianzisha kikao cha wakazi, Jumamosi ya kwanza ya kila robo ya mwaka, katika ukumbi wa shule. Mezani yalipangwa makopo matupu ya maziwa, kila moja limebandikwa kero moja. Kila mkazi alipewa vizibo vitatu vya soda, akavitumbukiza atakavyo: vyote kopo moja, au akavigawa. Askari hawakupewa vizibo. Kero tatu za juu ziliandikwa ubaoni kwa chaki, na kwa miezi mitatu doria zilikwenda huko. Kesi iliyoripotiwa ilifunguliwa kama kawaida, lakini askari wa kusimama mahali walifuata ubao. Walipomuuliza kwa nini tatu tu, alijibu, "Hesabu askari, kisha uniulize tena."

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1982 na fundi cherehani aliyekuwa akimshonea sare. Alirudisha suruali moja dukani mara tatu ipunguzwe urefu. Mara ya tatu fundi aliiweka mezani akamwambia, "Afande, tukipunguza tena itakuwa kaptula. Sema ulichokuja kusema." Akasema. Walijaliwa watoto watatu, na cherehani ile ndiyo iliyowasomesha kuliko mshahara wa polisi.

Sasa tufike mwaka 2009, kwa maana wasifu wa marehemu usioutaja mwaka huo utakuwa wa uongo.

Nyuma ya duka la mkewe kulikuwa na kichochoro kisicho na taa, ambako vijana walikuwa wakipora mikoba. Mkewe alilisema nyumbani, wakati wa kunywa chai. Marehemu akamjibu, "Mama watoto, njoo kikaoni useme kama wengine."

"Kwani hapa nasema na nani?"

"Hapa unasema na mumeo. Mumeo hana kizibo."

Akaenda kikaoni tarehe 4 Aprili, akasema kama wengine. Wizi wa mita za maji ulipata vizibo sitini na kimoja, uvunjaji wa maduka hamsini na vitatu, pikipiki zilizokimbizwa mbele ya lango la shule arobaini na saba. Kichochoro kilipata arobaini na sita. Marehemu akaandika mistari mitatu, akaweka chaki chini.

Alhamisi tarehe 21 Mei, saa kumi na mbili kasoro jioni, mkewe alifunga duka akakatiza kichochoroni. Wale vijana walivuta mkoba, mkanda ukamzunguka kifundo cha mkono, akaanguka juu ya mkono wa kulia. Ulivunjika mahali pawili.

Kesho yake mkuu wa kituo alimwita. "Sajini, leo hii naweka askari wawili pale. Ni mkeo."

"Wiki mbili zilizopita muuza viatu aliporwa palepale, mkuu. Tulimwambia angoje kikao. Tukiweka askari leo, yeye nitamtazama vipi?"

"Mtazame utakavyo. Mke wako yuko hospitali."

"Najua aliko, mkuu. Nimetoka huko."

Mkuu alimwachia uamuzi. Askari hawakuwekwa mpaka kikao cha tarehe 4 Julai, ambapo kopo la kichochoro lilijaa likafurika mezani. Taa ikafungwa, doria ikaanza, na uporaji pale ukakoma. Katika zile wiki sita za kungoja waliporwa wanawake wengine wawili. Hilo lazima lisomwe hapa, kwa sababu marehemu mwenyewe alilitaja kila alipoulizwa, na hakulipunguza.

Binti yake mkubwa hakuzungumza naye karibu mwaka mzima. Alimwambia mbele ya kitanda cha mama yake, "Baba, ubao hauna damu. Mama anayo." Ndipo mgonjwa aliposema jambo ambalo hakuna aliyelijua. Vizibo vyake vitatu hakuvitia vyote kopo la kichochoro. Alitia kimoja. Viwili alivitia kopo la lango la shule.

"Nilimsikia kikaoni yule mama ambaye mwanawe aligongwa," alisema. "Mimi kichochoro naweza kukizunguka. Watoto hawana lango lingine. Siku ile nilikuwa na haraka tu."

Miezi ile mitatu hakuna mtoto aliyegongwa langoni.

Wapo waliosema hana moyo. Wasifu huu haukuandikwa kuwabishia. Walioishi naye wanajua kwamba tangu alipostaafu, Machi 2017, alikwenda dukani kila asubuhi akawa mkono wa mkewe. Alitunga uzi, akapima, akakata. Wateja walimsikia mama akimwelekeza kutoka kitini: "Kata, Afande. Usikiogope kitambaa, hakina kesi." Alikata magauni mengi yaliyopinda, na yote akayarudia.

Novemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume. Kliniki, askari kijana alimtambua akataka kumpitisha mbele. Alimuuliza foleni inaishia wapi, akaenda kusimama huko na fimbo yake. Alilazwa mara ya mwisho tarehe 19 Mei 2024, na akafariki tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika kwa mkono wa kushoto. Binti yake mkubwa alikuwa upande wa pili wa kitanda.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada wawili na kaka mmoja. Ameacha pia ubao, ambao kituo kimeukabidhi kwa familia. Chaki ya mistari yake ya mwisho haijafutwa.

Zamu yake imekwisha. Mungu ampokee na kumpa pumziko la amani. Aliishika sheria yake miaka kumi na minne bila kuivunja, na mkono wa kulia wa mkewe haujashika mkasi tangu Mei 2009.