Usiniambukize Kikohozi

Fortunat: Allo, ni nani mwenye anapiga?

Joviale: Jambo, Papa Cédrick. Jina la bibi yako limeshafutika kwenye simu?

Fortunat: Aa, Mama Cédrick. Rezo ya simu huku Rutshuru ni mbaya. Kikohozi je?

Joviale: Bado. [anakohoa] Hapa hospitali wamenitenga, chumba changu peke yangu. Wanasema ni virusi, itapita. Sikukupigia kwa kikohozi.

Fortunat: Kwa nini tena?

Joviale: Kwa vile nina mimba ya miezi saba, wakapima na damu. Wamekuta kaswende.

Fortunat: Sikusikii vizuri, rezo—

Joviale: Umesikia. Muganga anasema inaweza kumuua mutoto humu tumboni. Anataka na wewe uje, tutibiwe wote wawili.

Fortunat: Maharagwe yangu bado iko barabarani. Tena naogopa. Nikikuja, utaniambukiza kikohozi.

Joviale: Mimi nikuambukize. Wewe.

Fortunat: Si ni virusi? Redio inasema—

Joviale: Kwa kikohozi walileta redio, barakoa, ndoo ya maji kila mulango. Kwa hii yenu wanaume, mwanamke anapewa kikaratasi, aende kumubembeleza bwana yake.

Fortunat: Usipandishe sauti, watu watasikia. Vumilia tu. Ile sindano inauma, mguu unakufa ganzi mpaka jioni, lakini ni tatu tu, moja kila juma—

Joviale: Mie sijakuambia ni tatu.

Fortunat: ...Watu wanasema.

Joviale: Watu gani? Wenye mguu wako?

Fortunat: Unite za simu zinaisha, Mama Cédrick, tuta—

Joviale: Unite ni zangu, ni mie nimepiga. Ulidungwa lini, Fortunat? Muganga anaandika. Anataka kujua mutoto amekaa na huu ugonjwa muda gani.

[rezo inakwaruza]

Fortunat: Kabla ya Pasaka.

Joviale: Pasaka ulikuja nyumbani, hapa Mabanga. Ulilala siku tano.

Fortunat: Nilitafuta namna ya kukuambia, nika—

Joviale: Nilichukua mkono wako nikauweka juu ya tumbo. Ukacheka. Ukasema huyu atacheza mpira.

Fortunat: Joviale, sikiliza—

Joviale: Tangu juzi hapigi teke. [anakohoa, muda mrefu] Muganga ameingia. Nakata, nimupe tarehe yako.