Justa Masalu, Bibi Afya Aliyeomba Maji Kirumba

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, Mhoja, mdogo wake, niwasomee maisha ya dada yetu Justa Masalu, na nitasoma kwa sauti, maana yeye mwenyewe hakupenda mtu anayenong'ona.

Marehemu alizaliwa Misungwi tarehe 3 Mei 1948, mtoto wa kwanza wa mzee Masalu na mama Dorotea, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nane mwaka 1963, akajifunza kazi ya afya, akaajiriwa mwaka 1967, na tarehe 12 Juni 1971 akafunga ndoa na shemeji yetu Alexander Chenge wa Magu, wakajaliwa watoto wanne, ambao wote walijua kunawa mikono kabla hawajajua kutembea.

Mwaka 1985 alihamishiwa Kirumba, akaitwa Bibi Afya hadi mwisho. Novemba 1997 kipindupindu kiliingia mtaani, wakubwa wakasema ni samaki, soko la Mwaloni likafungwa, na akina mama wauza dagaa, wengi wao wajane, wakakaa nyumbani na watoto wenye njaa, huku ugonjwa ukizidi. Dada hakukubali, kwa sababu wengi wa waliougua walikuwa hawajala samaki wiki nzima, lakini kila alipouliza habari za maji alijibiwa, "Tunachemsha, Bibi Afya," na kweli sufuria ilikuwa jikoni inatokota.

Basi akaacha kuuliza, akawa anaingia, anaketi, anaomba maji ya kunywa. Mama mmoja alimwambia, "Nikupe ya moto kama mgonjwa? Subiri niyapoze," akachota kata ya maji mabichi kutoka kwenye dumu lililoletwa na mkokoteni, akachanganya, na nyumba kumi na moja zilizofuata zilifanya vilevile, kwa heshima tupu ya mgeni. Dada aliifuata mikokoteni hiyo kwa miguu siku mbili, hadi kwenye kisima kipya cha mfanyabiashara mmoja, hatua tisa kutoka chooni, akapeleka maji yake maabara, vidudu vikaonekana, kisima kikafungwa tarehe 9 Desemba, na tarehe 22 soko likafunguliwa. Siku ile akina mama walimbeba juujuu hadi ziwani, naye, jamani, akawa anawakemea kwamba hawajanawa. Tulijivuna sana, na hata leo tunajivuna.

Machi 1999 alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa mara tatu, akafariki tarehe 14 Septemba 1999, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, ameacha mume, watoto wanne na wajukuu sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani ambao hawajatuacha peke yetu hata siku moja, wafanyakazi wenzake wa afya, na akina mama wa Mwaloni, ambao mwaka ule walifungiwa soko kwa amri, na leo wamelifunga wenyewe, meza zote, ili waje kumzika.

Dada Justa, kazi umeimaliza, pumzika sasa, kwa amani yote.