Eulalia Ochoa Bustamante na Themanini na Mbili Wake

Tunayemsindikiza leo, Jumanne tarehe 4 Machi 2025, ni Eulalia Ochoa Bustamante, ambaye wengi wenu mlimwita Doña Lala. Wasifu huu uliandikwa mara mbili. Wa kwanza ulikuwa tayari jana asubuhi na ukachanwa jana jioni, kwa sababu mtakayoisikia. Binti yake Graciela, anayewasomea, anaomba radhi akikwama mahali, kwani kichwa chake bado hakijatulia.

Eulalia alizaliwa tarehe 12 Februari 1941 mjini Superior, Arizona, akiwa mtoto wa tatu wa Hilario Ochoa, mchimbaji wa shaba, na mkewe Petra. Alisoma hapo hapo hadi darasa la kumi. Shuleni alisifiwa kwa hesabu, nyumbani alisifiwa kwa ubishi. Baba yake alipoumia mgongo mgodini mwaka 1958, familia ilihamia Mesa na masomo yakaishia hapo.

Mwaka 1964 aliajiriwa kufua jezi katika uwanja ambako wachezaji wa besiboli wa kulipwa huja kila Februari na Machi kujinoa kabla ya msimu. Alifua kwa miaka thelathini na tisa. Akitazama magoti ya suruali tu, alijua nani kacheza na nani kasugua benchi. Hata alipostaafu mwaka 2003 aliendelea kwenda kila Machi, kofia pana kichwani na sufuria ya tamale, vile vitumbua vya unga wa mahindi na nyama vinavyofungwa kwenye maganda ya mahindi, kwenye kapu, akisimama kwenye uzio wa waya pamoja na waomba saini za wachezaji. Yeye hakuwahi kuomba saini ya mtu.

Tarehe 7 Juni 1969 alifunga ndoa na Refugio Bustamante, fundi wa paa na mpenzi wa ndondi, ambaye hadi leo hajakanyaga uwanja wa besiboli. Ndoa ilikuwa njema isipokuwa mwezi wa tatu. Kila Machi Eulalia aliamka mapema, akapika, akasema, "Nampelekea Themanini na Mbili wangu." Kisha zilikuja kadi za posta kutoka miji ya mbali, chini yake pameandikwa 82, naye akazibandika kwenye friji mumewe akiona. Mzee Refugio aligundua kuwa mwandiko hubadilika mwaka hadi mwaka. Akajiambia huyo bwana bila shaka ni mlevi.

Mwaka 1974 alijikaza akauliza.

"Lala, huyo Themanini na Mbili wako ana miaka mingapi?"

"Ishirini na mmoja, maskini. Mbichi kabisa."

Mwaka 1994 akauliza tena.

"Ishirini na miwili," akajibu, huku akikunja tamale.

Mzee alidhani anachezewa shere. Alimeza donge, na wenye ndoa mnajua donge la namna hiyo haliyeyuki. Graciela naye alianza kumtazama mama yake kwa jicho la pembeni. Katika ule wasifu wa kwanza, habari zote za besiboli alizifupisha kuwa "shughuli nyingine", na leo anaona aibu mbele yenu.

Moyo ulianza kumsumbua Eulalia mwaka 2021. Februari hii alilazwa, na siku ya mwisho aliuliza jambo moja: "Sasa Themanini na Mbili atakula nini?" Mzee Refugio alitoka chumbani, akasimama ukumbini, akarudi. Eulalia alifariki asubuhi ya Jumatano, tarehe 26 Februari, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe, na mumewe akiwa na swali mdomoni ambalo hakuliuliza.

Jana alasiri, tulipokusanyika kusali rozari, aliingia mzee mrefu mwenye upara. Akampa mfiwa mkono.

"Pole sana, Mzee. Mimi ni Themanini na Mbili."

Mzee Refugio alinyanyuka kwa fimbo yake, na Anselmo, mwanawe, akamshika bega. Hapo hapo akaingia mwingine, mfupi, mdogo kwa umri kuliko yule wa kwanza kwa miaka kama ishirini.

"Poleni jamani. Mimi ndiye Themanini na Mbili."

"Wewe tena?" Mzee akasema. "Mbona umefupika?"

Wa tatu, Jerome Whitlow, alipojitambulisha hivyo hivyo, Mzee alimgeukia binti yake. "Graciela, walikuwa wangapi?"

"Kila mwaka mmoja," akajibu yule mwenye upara, Wendell Krause, wa mwaka 1971. "Kumbe hukujua? Namba ndogo ni za wakubwa. Themanini na mbili huvishwa kijana asiye na nafasi. Machi ikiisha anaitwa ofisini, anaagwa, jezi inarudi kwa dobi. Mwaka unaofuata wanamvisha mwingine."

"Mimi niliachwa saa mbili asubuhi," akasema yule mfupi, Eladio Paniagua, wa mwaka 1993. "Nikamkuta langoni na sufuria. Akaniambia, 'Jezi yako nimeifua mwezi mzima, haina hata doa. Kula kwanza, utalia baadaye.'"

Mzee Refugio alikaa. "Miaka hamsini na mitano," akasema, "nimeionea wivu jezi." Akacheka, kisha akalia kwa sauti, nasi tukalia naye. "Kwa nini hakuniambia?"

"Baba, kwa nini hukuuliza?" akasema Graciela.

"Niliuliza! Niliuliza umri."

Kwa nini mama hakueleza, hatujui. Huenda alidhani kila mtu anajua.

Marehemu ameacha mume, Refugio, watoto wawili, Graciela na Anselmo, wajukuu watano, Wendell Krause, Eladio Paniagua, Jerome Whitlow wa mwaka 2012, na Themanini na Mbili wengine wote, popote walipo.

Tukitoka makaburini, msiende moja kwa moja kwenye chakula cha pamoja. Mzee ameomba apelekwe kwanza uwanjani. Sufuria iko kwenye gari, amepika mwenyewe, na tamale zake zimepasuka. Anataka aonyeshwe kijana anayeivaa jezi ya themanini na mbili mwaka huu.

Lala, lala salama. Kijana atakula.