Nati ya Inchi

Opareta: Iringa yuko hewani. Mbeya, ongea.

Rukia: Haloo? Nani mwenzangu?

Nkuba: Shemeji Rukia, ni Nkuba, fundi wa Iyunga. Habari za hapo?

Rukia: Nzuri tu, shemeji. Sauti inakuja inapotea—

Nkuba: Mumeo Muhidini kashapita?

Rukia: Kamaliza kula sasa hivi. Yuko nje anafunga turubai, ateremke mlima Kitonga. Nimwite?

Nkuba: Hapana! Usimwite. Mcheleweshe tu.

Rukia: Kwani kuna nini?

Nkuba: Ile nati ya bomba la breki niliyomfungia jana. Nati za lori lake ni za milimita. Mimi niliokota nati kwenye kopo, nikaona inaingia. Ikawa inacheza, nikaizungushia katani—

Rukia: Katani? Kama bomba la maji?

Nkuba: Si ndivyo tunavyofanya, isivuje? Leo nimeazima geji ya kupimia meno ya nati, nimepima mwenzake iliyobaki koponi. Geji ya milimita haikukaa, mwanga unapita katikati ya meno. Ya inchi ikalala kabisa.

Rukia: Nieleze nielewe, mimi si fundi.

Nkuba: Imeshikwa na ncha za meno tu. Akikanyaga breki kwa nguvu mteremkoni, inachomoka.

Rukia: Ya Rabi! Muhi—

Nkuba: Usimwambie! Atanitangaza barabara nzima, nani ataniletea gari tena? Sema mtoto anaumwa. Nakuja na basi, nitaibadilisha kimyakimya.

Rukia: [mbali na simu] Baba Jaha! Usiondoke, mtoto kachemka! [mkwaruzo, injini inanguruma] Nkuba? Kamshika shingoni, anasema hana homa. Kapanda. Anasema hawezi kungoja, ana mgonjwa kwenye kebini.

Nkuba: Mgonjwa gani?

Rukia: Si mama yako! Hukuambiwa? Kampakia pale Igawa, anampeleka Morogoro kutazamwa macho.

Nkuba: Mama yangu?

Rukia: Mama Mbuke, ndiyo. Haloo?

Nkuba: Kimbia, Rukia! Mwambie breki mbovu! Simama mbele ya lori! Kimbia!

Rukia: [mbali] Muhidini! Zima! Breki! Zima gari!

Nkuba: Haloo? Rukia? Haloo!

Opareta: Mbeya, muda unakwisha.

Nkuba: Dada, niongezee, nakuomba—

Opareta: Kuna foleni, kaka.

Rukia: [anahema] Kazima. Kalifikia geti kabisa. Mama yako wanamteremsha.

Nkuba: Ahsante, Mungu wangu. Ahsante, shemeji, hujui—

Rukia: Nkuba. Mume wangu alikuwemo humo humo, uliponituma nimdanganye kwa homa ya mtoto.

Nkuba: [mkwaruzo]

Rukia: Bado upo?

Nkuba: Nipo, shemeji.

Rukia: Huyu anakuja, mbio, anacheka. Nimemwambia umepiga wewe kumwonya, ya nati sijamwambia. Anasema Mbeya nzima ana fundi mmoja tu, anataka akushukuru. Nimpe simu?

Nkuba: Shemeji, mimi—

Opareta: Muda umekwisha, Mbeya. Nakata.