Barua ya Kufufua Ripoti ya Maji

Benchi la Amondi liko hatua chache kutoka Barabara ya Jogoo, upande wa nyuma, pale jengo la zamani la reli linapotupa kivuli kuanzia saa nane mchana. Ni ubao mmoja juu ya matofali. Hapo kuna kahawa ya tangawizi, kashata, na maneno. Ijumaa hiyo maneno yalikuwa mengi kuliko kashata, maana Amondi alikuwa matatani. Afisa wa afya akija kukagua leseni yake hudai nakala ya ripoti ya maji ya kisima cha mtaa, anakoteka ya kahawa, ile ambayo wenye kisima hulazimika kutoa kila miezi mitatu. Sasa kanuni iliyowalazimisha ilikuwa imepewa miaka mitano tu, na mwezi uliopita miaka ikaisha. Kanuni imekufa, ripoti mpya hakuna, na afisa anakuja Jumatatu. Ofisi ya wadi ikatangaza kwamba anayetaka kanuni irudishwe apeleke maoni kwa maandishi, mwisho Ijumaa saa kumi na moja jioni. Yaani leo.

Kalamu alipewa Wekulo. Mzee huyo aliifanyia kanjo, yaani baraza la jiji, kazi ya kusoma mita za maji miaka thelathini na moja, ndiyo maana wanamwita Mita, na mwandiko wake unasifiwa mpaka kanisani. Aliikubali kazi hiyo kwa kicheko. Sasa ilikuwa saa tisa na nusu na kicheko kimeisha. Birika la Amondi lilisomesha watoto watatu, na Mita alimpenda huyu mama kama dada. Alitokwa na jasho juu ya karatasi.

— Mita, umefika wapi? Amondi aliuliza.

— Nimefika "Kwa heshima na taadhima."

— Tangu saa nane?

— Taadhima ilinikataa mara mbili, nikaanza upya.

Luseno akakohoa. Aliwahi kutoa ushahidi korti ya Makadara, robo saa nzima, kesi ya baiskeli iliyoibwa. Tangu siku hiyo ni Wakili.

— Andika hivi: "Kwa kuwa, na ilhali, na bila kuathiri yaliyotangulia..."

— Yepi yaliyotangulia, Wakili? Tuko mstari wa kwanza!

— Buda, usibishane na sheria. Na ujue hiyo kanuni haijafa. Iko likizo. Sheria ikichoka hupumzishwa, kisha inaitwa tena kazini.

— Likizo gani bila tarehe ya kurudi? akadakia Ondiek. Huyu hufanya shifti kwenye kiwanda cha sabuni, anazima na kuwasha mashine moja, na kwa hiyo ni Injinia. — Mimi niwaambie ukweli. Wameiacha ife makusudi. Kurudisha sheria ni vikao. Kikao ni chai. Chai ni sambusa. Kanuni ikikaa milele, sambusa watakulia wapi?

— Enyewe hapo umesema, Wakili alikubali.

— Sijamaliza! Aliyekuwa akiandika hizo ripoti alistaafu. Ni yeye peke yake aliyejua nywila ya kompyuta. Ameenda nayo ushago.

— Yawa! Amondi alishika kichwa. — Kwa hiyo leseni yangu iko kijijini kwa mtu?

— Si ajabu, mathe. Na kuna kingine. Ile mashine ya kupima maji hupima maji mazuri tu. Ikikuta machafu inazima, inasusa. Ndiyo maana ripoti hazionyeshi ubaya.

— Wacha uongo, Injinia.

— Naapa! Na watarudisha kanuni nyingine badala yake: kila miezi mitatu watatoa ripoti ya kueleza kwa nini hakuna ripoti.

Benchi zima likacheka mpaka likayumba. Mita alicheka pia, kisha akatazama saa. Karatasi ya tatu ilikuwa imejaa "kwa kuwa" na "ilhali", na neno maji halikuwemo hata mara moja.

Hapo ndipo mwanamke mmoja aliposimama mbele yao, mtoto mgongoni, mtungi mtupu mkononi.

— Hamjambo wazee. Samahani, mama. Naitwa Everline, nimehamia ile ploti ya kijani juzi, nimetoka mtaa wa Fedha. Nauliza tu, haya maji ya kisima mtoto anaweza kunywa?

Wakili akamwangalia Injinia. Injinia akaangalia kikombe chake, akakiweka chini polepole.

— Mita, si wewe ni mtu wa maji? akauliza.

— Mimi nilisoma yamepita mangapi. Yakoje, hiyo haikuwa kazi yangu.

— Ripoti ya mwisho iko hapa! Amondi alisema. Akaichomoa kwenye msumari, ndani ya plastiki yake, akampa Mita. — Soma kwa sauti, mgeni asikie.

Mita akavaa miwani. Akasoma jina la kisima, tarehe na cheo cha aliyetia sahihi. Kisha akasoma: "Matokeo ya vipimo: tazama kiambatisho."

— Haya, tazama, Wakili akahimiza.

Mita akaigeuza karatasi. Nyuma ilikuwa nyeupe. Amondi akakung'uta plastiki, hakikuanguka kitu.

— Zile zingine pia ziko hivi, alisema kwa sauti ndogo, akizigeuza pale msumarini. — Kumbe!

— Sasa afisa alikuwa anaangalia nini miaka yote? Wakili akauliza.

— Muhuri, Amondi alijibu.

Everline bado alisimama pale kwa adabu, kama mtu anayedhani jibu linatafutwa. Mita aliona aibu, aibu ya kweli, mzee mzima wa maji. Akakunja zile karatasi tatu, akachukua mpya, akaandika mstari mmoja, akamsomea Amondi:

— "Tunataka ripoti irudi, na ituambie kama mtoto anaweza kunywa maji haya." Lakini mama, fikiria. Wakija wakapima kweli, yakawa mabaya...

— Wananifungia.

— Na muhuri mtupu ulikuwa unakutosha.

Amondi akamtazama yule mtoto, aliyekuwa akitafuna pindo la leso ya mama yake.

— Andika hivyo hivyo, Mita. Na uongeze: hata sisi wazee tuliokunywa miaka tisa tunataka kujua.

— Na "ilhali" moja tu, Wakili aliomba.

— Hata nusu hapana!

Amondi akatia sahihi wa kwanza. Injinia akafuata, kisha Wakili, kisha Everline, mgeni wa siku mbili. Mita akasimama, magoti yakalia.

— Kimbia, mzee, ni saa kumi na nusu!

— Na kahawa yangu?

— Utaikuta, Amondi alisema, akichochea makaa. — Leo naichemsha mara mbili.